Jahazi la Lamu lahitaji abiria, si makumbusho

MGENI anayekwenda Lamu kwa ndege hatui kisiwani Lamu. Hutua katika kisiwa jirani cha Manda, kisha akavushwa mkondo wa bahari hadi mjini. Safari hiyo fupi aghalabu huwa kwa boti la mtambo. Hivyo basi, kabla hajafika hata mlangoni pa hoteli, fedha zake za kwanza huwa zimekwisha kumpita fundi wa majahazi, ingawa huenda ni picha ya tanga jeupe ndiyo iliyomtoa kwao.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya Unesco mwaka 2001. Nyumba zake za mawe ya matumbawe, dari za boriti za mikoko na vichochoro visivyopitika kwa gari vikapata hadhi ya kimataifa. Hata hivyo, orodha hiyo hulinda kuta. Haimlipi fundi ujira wake. Ufundi hudumu pale tu unapopata mteja, na historia ya visiwa hivyo inatoa ushahidi wa pande zote mbili.

Mlango wa nakshi ungali hai. Ukarabati wa nyumba kongwe, pamoja na hoteli na matajiri waliojenga Shela na kwingineko, uliwapa maseremala kazi, nao wakapata sababu ya kuwafunza vijana.

Mtepe haukubahatika. Chombo hicho, kilichoundwa na Wabajuni wa visiwa hivyo, hakikuwa na msumari hata mmoja: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Biashara ilipohamia kwenye vyombo vingine, mtepe ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mfano wake ulipoundwa Zanzibar mwaka 2003, ulikusudiwa kuwekwa katika makumbusho ya Beit al-Ajaib.

Jahazi na mashua bado havijafika huko. Katika kijiji cha Matondoni, magharibi mwa kisiwa cha Lamu, fundi huunda chombo bila mchoro wowote. Hulaza mkuku kwanza, akasimamisha mataruma, kisha akapigilia mbao, huku jicho na mkono vikiwa ndivyo vipimo vyake. Taruma haliwezi kuchongwa kutoka mti wowote. Hutafutwa tawi lililopinda lenyewe, kwa mfano la mlilana, ili nguvu ya mti ifuate umbo la chombo. Mianya hujazwa pamba iliyolowekwa mafuta, kazi iitwayo kalafati. Tezo na shoka ndizo zana kuu. Elimu hii haikuandikwa kitabuni. Kijana huipata kwa miaka ya kumshikia mwalimu wake mbao, na mwalimu asipokuwa na chombo cha kuunda, mwanafunzi naye hana cha kushika.

Mbao nazo zimekuwa taabu. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma kote nchini, na wakataji mikoko wa Lamu wakaathirika vibaya. Kuilinda mikoko ni haki, kwani ndiyo mazalio ya samaki, lakini ulinzi usiompa fundi njia halali ya kupata mti humsukuma aache kazi.

Kadhalika utalii wenyewe si nguzo isiyotikisika. Utekaji nyara wa wageni mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 viliwafukuza watalii, na mabaharia wakabaki na vyombo vilivyofungwa ufukoni. Kwa sababu hiyo, haifai kumtegemea mgeni peke yake. Jahazi linalobeba mchanga, mawe au samaki siku mgeni hayupo ndilo litakalokuwepo siku atakaporejea.

Hakuna anayedai kuwa mgonjwa wa Pate apelekwe hospitali kwa tanga upepo ukiwa umekufa. Mtambo una mahali pake. Mtalii, kinyume chake, hana haraka. Safari ya kwenda kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, husubiri maji yajae ndipo chombo kipenye mkondo wa mikoko; ni safari ya nahodha ajuaye bamvua na maji mafu, si ya mwenda mbio. Siyu, kwa mafundi wa viatu vya ngozi, nako kwaweza kuendewa vivyo hivyo.

Ufundi huo pia haukatai mambo mapya. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walizindua Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa taka za plastiki na kupambwa kwa ndala zilizookotwa. Mapema mwaka 2019, wakati wa kaskazi, kilisafiri hadi Zanzibar. Malighafi ilikuwa ngeni, lakini mkuku na mataruma yalikuwa yale yale.

Nchi kavu, mzigo ni wa punda. Hubeba saruji, maji na masanduku ya wageni, na tangu 1987 shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary limekuwa likiwatibu kisiwani. Sasa pikipiki zimeingia, na kila gunia zinalochukua ni ujira uliompotea mwenye punda. Hoteli zikikubaliana kuwa sanduku la mgeni lipande punda na mgeni mwenyewe avushwe kutoka Manda kwa tanga kila upepo unaporuhusu, mwenye punda atapata nauli ya leo na nahodha atapata akiba ya kuagiza chombo kipya Matondoni.