Masomo Yakiisha, Nyumbani Kunangoja

Mtoto wa kijiji akienda kusoma mbali, wazee huulizana: Je, atarudi? Akirudi, atatukumbuka?

Mfikirie Julius Nyerere wa Butiama. Mwaka 1949 alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Baridi ya huko inapita baridi ya Ufipa ya mwezi wa Juni. Alisoma historia, uchumi, sheria za katiba na falsafa. Lakini mawazo yake yalikuwa nyumbani, katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza.

Mwaka 1952 alipata shahada, na Oktoba mwaka huo akarudi. Butiama alijenga nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Watu walishangaa: msomi wa Ulaya anakanyaga udongo! Kisha alikwenda kufundisha Pugu. Mwaka 1954 aliongoza kuanzishwa kwa TANU. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Wewe uliye Matai, huenda una mtoto au ndugu anayemaliza masomo Sumbawanga, Dar es Salaam au ng'ambo. Usingoje mpaka arudi. Sasa unajua kuandika; mwandikie barua. Mweleze habari za wazee, mahindi na maharage. Mweleze kazi inayomngoja kijijini. Siku za mwisho za masomo ndizo mtu hufikiri aelekee wapi. Barua yako yaweza kumwonyesha njia.

Elimu ya mmoja ni akiba ya wote.