Ugonjwa wa mahameli kwa samaki wa madimbwi

Ugonjwa wa mahameli ni maradhi ya samaki wa maji baridi yanayosababishwa na kimelea cha seli moja kiitwacho Piscinoodinium pillulare. Huwapata samaki wengi wanaofugwa nyumbani katika matangi ya kioo, lakini jenasi Nothobranchius, samaki wadogo wa madimbwi ya msimu, hudhurika upesi. Samaki wote wa tangi moja wanaweza kufa ndani ya siku chache.

Spishi mojawapo, Nothobranchius foerschi, ilielezwa kisayansi mwaka 1979 na Wildekamp na Berkenkamp kutokana na samaki wa karibu na Soga, wilayani Kibaha, Tanzania. Dume ana rangi ya buluu na mkia mwekundu. Jike ni wa kahawia hafifu. Dimbwi likikauka baada ya mvua, wazazi hufa na mayai hubaki hai ndani ya matope yakingoja mvua nyingine. Hata ndani ya tangi, ambamo maji hayakauki, samaki hawa kwa kawaida hawaishi zaidi ya mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo wiki mbili za kuugua ni sehemu kubwa ya maisha yao.

Dalili

Samaki hubana mapezi, hujisugua kwenye mawe, huacha kula na kupumua harakaharaka karibu na uso wa maji. Akimulikwa tochi kutoka ubavuni gizani, ngozi yake huonekana kama imenyunyiziwa vumbi la dhahabu. Anayengoja kuliona vumbi hilo mchana mara nyingi huwa amechelewa, kwa sababu kimelea hushambulia matamvua pia.

Kimelea kikishiba hudondoka kwenye ngozi, hujigawanya mara nyingi na kutoa watoto wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa huwapata hawa wanaoogelea. Walioshika ngozi hawadhuriki sana. Hivyo kumtenga mgonjwa peke yake hakutoshi: tangi zima litibiwe, na tiba isikatishwe siku samaki anapoanza kula.

Matibabu

Dawa iliyo karibu ni chumvi. Vijiko 2 vya chai kwa ndoo ya lita 10 hutosha kuanzia, vikiyeyushwa pembeni na kumiminwa polepole kwa siku nzima, kisha kiwango hicho kiendelezwe kwa siku 10 au zaidi. Kila maji yanapobadilishwa, chumvi irudishwe kwa kiasi cha maji yaliyotolewa tu. Chumvi ya mezani yenye madini joto haina madhara kwa kiasi hicho. Dawa za shaba hufanya kazi pia, ila ukizidisha kidogo zinaua samaki wenyewe.

Tangi lifunikwe kwa kitambaa, kwani kimelea hiki kina klorofili na hunufaika na mwanga. Kipasha joto si lazima katika hali ya hewa ya Pwani. Kinachohitajika zaidi ni pampu ya hewa, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo.

Maji ya bomba ya Kibaha hutoka Mto Ruvu kupitia mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, na tangu 2020 mji wa Kisarawe nao hupata maji kwa bomba kutoka Kibamba. Hayo yametiwa klorini, ambayo huunguza matamvua yaliyokwisha kuumizwa na kimelea, hivyo yaachwe kwenye ndoo wazi kwa saa 24 au zaidi. Baadhi ya visima vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi. Hapo kipimo cha dawa kipunguzwe.

Mayai

Mfugaji makini hukusanya mayai wazazi wakiwa bado wazima. Samaki hutagia katika bakuli lenye nyuzi za makumbi ya nazi zilizochemshwa. Nyuzi hizo hukamuliwa, hufungwa ndani ya mfuko zikiwa na unyevu kidogo na kuwekwa mahali penye giza kwa miezi kadhaa. Macho ya vifaranga yakionekana ndani ya mayai, nyuzi humiminiwa maji. Mfuko huandikwa tarehe na mahali wazazi walikotoka, ili samaki wa Soga wasichanganywe na wa dimbwi jingine.