Zootopia: Nani Hushukiwa Kwanza?

Filamu ya katuni inaposifiwa kwa kuwakilisha watu wa kila aina, hesabu huishia kwenye sura: weusi wangapi, wanawake wangapi, wageni wangapi. Hesabu hiyo ina umuhimu wake, ila kwa hadithi ya upelelezi haitoshi. Hadithi ya namna hii huendeshwa na shaka, na shaka haigawanywi sawasawa. Kwa hiyo maswali mazito ni mengine: nani anashukiwa kabla ushahidi haujapatikana, nani amepewa madaraka ya kuchunguza, na nani anaruhusiwa kukosea kisha akasamehewa? Zootopia, filamu ya Disney ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Byron Howard na Rich Moore, inayajibu maswali hayo vizuri kuliko filamu nyingi za watu wazima.

Judy Hopps ni sungura wa kwanza kuwa askari polisi katika jiji la wanyama wala nyama na wala majani. Mkuu wake, nyati aitwaye Bogo, anampa kazi ya kuandikia magari faini, huku wenzake wakiwatafuta wanyama 14 waliopotea. Judy anang'ang'ania kesi moja, anapewa saa 48, na anambana mbweha tapeli, Nick Wilde, amsaidie. Waliopotea wanapatikana wakiwa wamefungiwa, wamegeuka wakali, na wote ni wala nyama. Filamu nyingi zingeishia hapo kwa vigelegele. Hii inamsimamisha Judy mbele ya waandishi wa habari, naye anasema huenda ni maumbile yao yanayowarudisha kwenye ukatili. Jiji linagawanyika, na Nick anabaini kwamba rafiki yake bado anatembea na dawa ya kufukuzia mbweha. Baadaye inajulikana kwamba wanyama hao walipigwa sumu ya maua kwa njama za naibu meya, kondoo Bellwether, aliyetaka wala majani, asilimia 90 ya wakazi, waunganishwe na hofu. Mtazamaji aliyekwisha kuyakubali maelezo ya Judy anajikuta amenaswa pamoja naye.

Mtego huo haukuwamo tangu mwanzo. Katika rasimu za awali mhusika mkuu alikuwa Nick, na wala nyama walivishwa kola zilizowapiga shoti ya umeme. Hadithi hiyo ingetufanya tumhurumie anayeonewa na kumchukia mwonevu, kazi isiyomgharimu mtazamaji chochote. Waandaaji walipomweka Judy mbele, ubaguzi ulihamia kwa mtu mwema, mchapakazi, ambaye mwenyewe amedharauliwa. Ndivyo ulivyo mara nyingi katika maisha.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba mfano wenyewe una kasoro: simba aliwahi kweli kumla swala, ilhali hakuna kabila wala rangi ya watu iliyoumbwa kuwala wengine. Hoja hii ina uzito, na filamu haiimalizi. Hata hivyo kosa la Judy ni la kiushahidi: anachukua wagonjwa wachache na kuhukumu jamii nzima. Tena wala nyama hawalingani na kundi moja la binadamu. Ni wachache na wanaogopwa, lakini meya, Lionheart, ni simba. Anayetafuta ramani ya ubaguzi wa rangi wa Marekani ataikosa, ila anayetaka kujua shaka inavyotengenezwa ataiona hatua kwa hatua.

Wengine wanasema wanyama ni njia ya studio kukwepa sura za watu halisi. Hapa wapinzani wana haki zaidi. Sauti za Judy na Nick ni za Ginnifer Goodwin na Jason Bateman, wote Wazungu. Idris Elba, ambaye ni mweusi, na Shakira wa Kolombia wamewekwa pembeni. Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018 ilikwenda mbali zaidi: shujaa wake, Miles Morales, ana baba mweusi ambaye ni polisi, mama mwenye asili ya Puerto Rico, na ami ambaye ni mhalifu. Weusi hapo wako pande zote za sheria, kwa hiyo rangi haiwezi kumtaja mkosaji. Mmoja wa waongozaji wake, Peter Ramsey, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata Oscar ya filamu ndefu ya katuni. Ngano haiwezi kuchukua nafasi ya hatua kama hiyo.

Sisi tuliolelewa na sungura mjanja na fisi mlafi tunajua jinsi hadithi inavyoweza kumpa kiumbe tabia moja ya milele. Wachoraji wetu wa katuni wanaotaka kusimulia uhalifu wa Nairobi au Dar es Salaam wasiridhike kujaza kila sura kwenye picha. Waangalie pia ni kabila gani, lafudhi gani na mtaa gani wanaoupa jina la mwizi kabla mpelelezi hajaanza kazi.