Kwa Nini Kadi Iliyookwa Hufufuka, Kisha Hufa Tena

Wachezaji wa gemu za kompyuta wamebuni tiba nyingi za kienyeji, lakini hakuna iliyopata sifa kama hii: chukua kadi ya grafiki iliyokufa, ivue feni na plastiki zake zote, iweke kwenye oveni kwa nyuzijoto 200 hivi kwa dakika nane au kumi, iache ipoe, kisha irudishe mahali pake. Mara nyingi kioo kiliwaka kweli. Mwenyewe akashangilia, akacheza wiki mbili tatu, halafu kadi ikafa tena, na safari hii kwa kawaida haikurudi. (Kama unayo kadi ya kujaribia, tafuta oveni ambayo haipikiwi chakula. Mvuke wa ubao wa saketi uliopashwa moto si wa kuvutwa na mtu.)

Maelezo yaliyoenea ni kwamba joto liliyeyusha lehemu iliyopasuka ikajiunga upya. Hesabu inayakataa. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku madini ya risasi katika vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006, viwanda vilihamia lehemu ya bati, fedha na shaba, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 217. Vitone vidogo zaidi, vile vilivyo chini ya chipu yenyewe, katika kadi nyingi za miaka ile vilikuwa bado na risasi tele na vilihitaji joto la karibu 300. Oveni ya nyuzijoto 200 haikuyeyusha kimoja wala kingine.

Basi ilifanya nini? Chipu ya grafiki ni kipande cha silikoni kilichokalia kijibao chenye resini na shaba, na kati yao kuna vitone vya lehemu kwa maelfu. Silikoni ikipata joto hutanuka kidogo sana, kama sehemu tatu katika milioni kwa kila nyuzi moja. Kijibao kilicho chini yake hutanuka mara tano ya hapo. Ukifungua gemu nzito, chipu inapanda kutoka nyuzi 35 hadi 80, ukiifunga, inashuka. Kila safari ya kwenda na kurudi, vitone vinavutwa na pande mbili zisizokubaliana, na chuma kinachochoka hivyo hukatika kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja. Ufa unaopatikana ni mwembamba mno, nyuso zake mbili zimetengana kwa upana usioonekana kwa macho. Joto la oveni hulainisha resini inayozunguka vitone, kijibao kinajipinda kidogo, na nyuso zile zinagusana tena. Zimegusana tu, hazikuungana. Jioni chache za kupata joto na kupoa zinatosha kuzitenganisha.

Resini hiyo ina historia ya gharama kubwa. Kazi yake ni kugawana mzigo na vitone, lakini kila resini ina kiwango cha joto ambacho ikikifikia huanza kulegea. Ikichaguliwa inayolegea mapema, hulegea wakati ule ule chipu inapofanya kazi kwa nguvu, na vitone vinaachiwa mzigo wote. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mapajani zilizokuwa zikifa kwa sababu ya udhaifu wa vifaa vya ufungaji wa chipu. Mwaka mmoja kabla, Microsoft ilikuwa imetenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya Xbox 360, mashine ya gemu iliyojulikana kwa duara la taa nyekundu lililotangaza kifo chake. Miaka mingi baadaye wahandisi wake walieleza kwamba viungio vilikuwa vikikatika kwa sababu ya kuwasha na kuzima.

Nimeanza na lehemu kwa makusudi, maana mtu akiona kioo cheusi hufikiria joto kali tu. Ukweli ni kwamba kadi inayokaa kwenye nyuzi 75 mchana na usiku huweza kuishi zaidi kuliko ile inayopanda na kushuka mara kumi kwa siku. Ndiyo sababu siogopi sana kadi za mtumba zilizotoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali, zile zilizomwagwa sokoni baada ya mtandao wa Ethereum kuacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022. Chipu zake zilipata joto karibu lisilobadilika. Cha kuangalia ni feni, ambazo zimezunguka bila kupumzika, na chipu za kumbukumbu, ambazo uchimbaji ule ulizitesa zaidi ya kitu kingine chochote.

Hata hivyo, kadi hushtakiwa kabla ya vifaa vingine kwa sababu tu ndiyo ya bei kubwa. Kabla ya kuifungua kwa bisibisi, hakikisha waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye tundu la madabodi. Mafundi wazima wamewahi kuhangaika na hilo. Kisha kuna jaribio ambalo halina gharama na ambalo watu wachache hulitumia: kioo kikionyesha mistari au madoa, piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, itume kwenye simu, uiangalie huko. Madoa yakiwemo ndani ya picha, kosa limetokea wakati kadi inachora au inahifadhi. Picha ikiwa safi, shuku waya, kioo, au sehemu ya kadi inayotoa ishara kwenda nje.

Sura ya madoa nayo ina maana. Mtu angetarajia chipu moja ya kumbukumbu ikiharibika iharibu kona moja ya kioo. Haiwi hivyo. Kadi kama RTX 3070 ina chipu nane za kumbukumbu, na ili zisomwe kwa kasi, taarifa za picha hukatwa vipande vidogo na kugawiwa zote nane kwa zamu. Ikifa moja, kila kipande kilichoangukia zamu yake kinaharibika, na kioo kizima kinajaa nukta au mistari iliyopangana kwa nafasi sawa, kana kwamba mtu ameichora kwa rula. Ukiona mpangilio huo tangu nembo ya mwanzo, kabla hata Windows haijaanza, draiva haihusiki na hakuna programu itakayoiponya kadi. Madoa yakitokea tu baada ya nusu saa ya gemu, bado kuna matumaini: punguza kasi ya kumbukumbu kidogo, angalia vumbi, badilisha pasta ya joto na vile vipande laini vinavyopeleka joto la kumbukumbu kwenye chuma. Usidanganywe na namba moja ya joto. Katika RTX 3090 kumbukumbu zilizo mgongoni mwa kadi ziliweza kupita nyuzi 100 huku chipu kuu ikisoma 65.

Kuganda kwa picha kwa sekunde chache, kukifuatiwa na ujumbe kwamba draiva imeacha kujibu, ni jambo jingine. Windows huisubiri kadi kwa sekunde mbili. Isipojibu, huifungua upya. Hapo ndipo kufuta draiva kabisa na kuiweka upya kunafaa, na hapo pia ndipo wengi wanapoishia, wakisahau umeme.

Kadi kubwa ya siku hizi huweza, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kuvuta umeme mara mbili ya kiwango chake. Pawa saplai iliyochoka, au ya bei ya chini yenye maandishi makubwa kuliko uwezo wake, huzima kompyuta nzima kwa ghafla. Basi kompyuta ikizima kabisa katikati ya gemu, bila madoa wala ujumbe, mimi huanza na pawa saplai, hasa mahali ambapo umeme wa ukutani wenyewe unapanda na kushuka. Azima nyingine inayojulikana kuwa nzima, au hamishia kadi kwenye kompyuta ya rafiki, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Kiungio cha umeme chenyewe kinastahili kutazamwa. RTX 4090 ilipotoka Oktoba 2022 ilikuja na kiungio kidogo kilichoruhusiwa kupitisha wati 600. Kwa volti 12 hizo ni ampea 50, zikigawanywa katika pini sita: ampea 8.3 kila moja, wakati pini imepimwa kwa 9.5. Plagi isipoingia sawasawa na pini mbili zikakosa kugusa vizuri, nne zilizobaki zinabeba 12.5 kila moja. Joto kwenye pini hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo ulioongezeka mara moja na nusu unazaa joto zaidi ya mara mbili. Mwezi ule ule picha za plastiki iliyoyeyuka zilianza kusambaa. Toleo lililorekebishwa la mwaka 2023 lilifupisha pini ndogo za kupeleka ishara, ili plagi isipozama kadi ikatae kuvuta umeme mwingi. Ukiwa na la zamani, sukuma plagi mpaka isibaki nafasi yoyote, na usiukunje waya karibu na plagi.

Hayo yote yakishindikana, kadi inakwenda mezani kwa fundi, na kazi yake ya kwanza huwa ni kupima kwa mita bila umeme wowote. Njia ya volti 12 ikisoma karibu sifuri, mara nyingi kuna transista iliyoungua, na hiyo hubadilishwa kwa bei ya kuvumilika. Kwenye njia ya chipu kuu, fundi asiyezoea hudanganyika kirahisi: chipu kubwa nzima husoma sehemu tu ya omu moja, na mita hupiga kelele ya shoti wakati hakuna shoti. Chipu ya kumbukumbu mbovu hutolewa kwa bloa na kuwekwa nyingine. Vitone vikiwa vimekatika chini ya silikoni, hata kung'oa chipu nzima na kuipachika upya juu ya lehemu mpya hakuvifikii, maana ufa uko ghorofa ya juu yake. Fundi akikuambia atairudisha kwa kuipasha moto, muulize ina dhamana ya miezi mingapi kabla hujalipa.