Zege Halikauki: Kitenzi, Baridi na Ukarabati wa Nyumba Kongwe za Meru na Embu

1.0 Utangulizi

Siku mbili tatu baada ya sakafu au ngazi mpya kumwagwa, swali ambalo mwenye nyumba wa Meru au Embu humwuliza fundi huwa ni moja: "Fundi, imekauka?" Fundi hubonyeza kwa kidole, hugonga kwa mpini wa mwiko, kisha hujibu, "Imekauka, mama." Kwa jibu hilo mbao za kalibu hung'olewa, mizigo hupitishwa juu ya zege, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Miezi michache baadaye sakafu huanza kutoa vumbi kila inapofagiliwa, ngazi humeguka pembeni, na ufa mwembamba hujitokeza katikati. Lawama huangukia saruji: ama ilikuwa hafifu ama fundi aliiba mifuko.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi kosa huwa limeanza mapema zaidi, katika kitenzi kilichotumiwa. Zege halipati nguvu kwa kukauka. Hushika, kisha hukomaa, na mambo hayo mawili huhitaji maji na muda. Tofauti hiyo, ambayo msomaji wa Kiswahili angeweza kuidhania kuwa ya kamusi tu, ndiyo inayoamua iwapo akiba ya familia itaokoa nyumba ya wazee au itapotea.

2.0 Nyumba Kongwe za Miteremko ya Mlima

Serikali ya kikoloni ilianzisha vituo vyake vya utawala Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Hata hivyo, kilichobadilisha makazi ya watu wa kawaida ni zao la kahawa, ambalo Waafrika wa Meru, Embu na Kisii walianza kuruhusiwa kulilima katika miaka ya 1930, na baadaye majani chai, hasa baada ya mamlaka ya wakulima wadogo wa chai kuundwa mwaka 1964. Fedha za mazao hayo ziliondoa nyasi mapaani na kuleta mabati; ziliondoa kuta za fito na udongo na kuleta mbao, kisha mawe ya kuchonga.

Nyumba za kizazi hicho zingali zinakaliwa, kuanzia Runyenjes hadi Chuka, Nkubu na vitongoji vya mji wa Meru. Magonjwa yake yanafanana. Sakafu ilimwagwa juu ya udongo bila karatasi ya kuzuia unyevu, kwa hivyo baridi na majimaji hupanda kutoka chini. Mapaa mengi hayakuwa na mifereji. Maji ya mvua yameanguka mahali pamoja kwa miaka mingi na kuchimba udongo kandokando ya msingi. Nguzo za mbao zilizosimikwa moja kwa moja ardhini zimeliwa na mchwa au zimeoza miguuni. Ukarabati wa nyumba hizo basi ni kazi ya zege kwa kiasi kikubwa: sakafu mpya, ngazi, ukanda wa kuzunguka nyumba ili kuyafukuza maji, vizingiti vya madirisha na, pale hali inapokuwa mbaya, msingi wenyewe kutiliwa nguvu.

3.0 Saruji, Simiti na Zege

Kabla ya kuendelea, istilahi zinahitaji kutenganishwa. Saruji ni unga. Neno hili lina asili ya Kiajemi, na kule Uajemi na Omani lilitaja lipu ya kale isiyopitisha maji, iliyotumika katika ngome na mifereji ya mashamba, karne nyingi kabla Joseph Aspdin wa Uingereza kupewa hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Neno la kale likahamia kwenye kitu kipya. Simiti ni unga huohuo, kwa jina lililotoholewa kutoka Kiingereza, na ndilo linalosikika zaidi katika maduka ya vifaa vya ujenzi barani. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Kokoto ndizo ambazo mafundi wa Kenya huziita balasti, na nondo za Mtanzania huitwa vyuma tu katika mijengo ya Meru.

Katika mazungumzo ya kila siku neno zege halisikiki sana Meru na Embu. Unga huitwa simiti, na sakafu iliyokwisha kumwagwa huitwa simiti vilevile. Athari ya kulitumia neno moja kwa vitu viwili ni kwamba mtu huamini nguvu yote imo ndani ya mfuko. Akiona ufa huagiza simiti zaidi. Kumbe saruji ni gundi tu. Sehemu kubwa ya zege ni mchanga na kokoto, na adui wake wa kwanza ni maji yaliyozidi. Kwa sakafu ya kawaida mafundi hupima kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Mfuko wa kilo 50 huhitaji takribani lita 25 za maji, na chini ya hapo ikiwa mchanga tayari umelowa. Kibarua anayeongeza ndoo moja ili uji uwe rahisi kusukumwa kwa sepetu hupunguza nguvu ya kazi yote, kwani maji yasiyotumiwa na saruji huacha vinyweleo yanapoondoka.

4.0 Kukauka, Kushika na Kukomaa

Kitenzi kukauka hakikuingia katika mjengo kwa bahati mbaya. Nyumba za kwanza za maeneo haya zilikandikwa kwa udongo, na udongo huwa mgumu kwa kupoteza maji. Kwa mjenzi wa nyumba ya udongo, ukavu na ugumu ni jambo moja. Lugha nazo ziliafiki: upo mzizi wa kale wa Kibantu unaobeba maana ya ukavu na ya ugumu kwa pamoja, na athari yake ingali hai katika lugha za Mlima Kenya. Saruji ilipofika, fundi aliichukua kama udongo bora zaidi, akailetea kitenzi kilekile.

Lakini saruji hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Inapokutana na maji, viambato vyake huungana nayo kikemia na kuunda fuwele na vitandio vidogo mno vinavyoshikana na kuzifunga chembe za mchanga na kokoto. Mwungano huo hutoa joto, na huendelea maadamu maji yapo. Ushahidi ulio wazi ni kwamba zege linaloandaliwa ipasavyo hushika hata likiwa chini ya maji, mahali ambapo hakuna kinachoweza kukauka.

Kwa hivyo hatua mbili zapaswa kutajwa kwa majina tofauti. Kushika ni ile hali ya uji kuacha kuwa uji, nayo hutukia katika saa za mwanzo. Neno hili mafundi wenyewe wanalo. Kukomaa ni kujenga nguvu, nako huchukua majuma. Katika hali nzuri zege hufikia takribani thuluthi mbili ya nguvu yake kwa siku 7, na kipimo rasmi hufanywa siku ya 28. Kidole cha fundi hupima kushika. Hakiwezi kupima kukomaa.

Ni kweli kwamba zege nalo hupoteza maji hatimaye. Upotevu huo ukitokea mapema, hata hivyo, huwa ni hasara: uso husinyaa na kupasuka, na saruji iliyokosa maji hubaki unga usio na kazi. Vumbi linalofagiliwa kila asubuhi mara nyingi ni uso ulionyimwa maji, au uliomwagwa ukiwa na maji kupita kiasi.

5.0 Baridi ya Mlima na Kalenda ya Fedha

Mji wa Embu na ule wa Meru iko katika miinuko ya kati ya miteremko, ilhali Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hufunika mlima, manyunyu huanguka, na usiku wa Timau unaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Katika nchi kama Norway au Kanada hofu ni maji kuganda ndani ya zege changa na kulipasua. Meru na Embu hazina tatizo hilo katika maeneo ya makazi. Tatizo lao ni mwendo: kadiri joto linavyopungua ndivyo mwungano wa saruji na maji unavyozidi kuwa wa polepole.

Hapa ndipo kitenzi kukauka kinapopotosha mara mbili. Mwezi wa Februari jua na upepo huufanya uso uwe mkavu kwa siku moja, na mwenye nyumba huridhika ilhali zege halijapata nguvu. Kinachohitajika wakati huo ni maji, yaani kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi, na kufunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Mwezi wa Julai uso hubaki na unyevu, na watu hungoja ukauke, pengine hata kuuwashia moto; kinachohitajika wakati huo ni muda. Mihimili ya kushikilia kizingiti kipya cha dirisha, ambayo haifai kuondolewa kabla ya majuma mawili, iongezewe siku katika msimu wa baridi.

Fedha nazo zina kalenda yake. Bonasi ya chai kwa kawaida hulipwa karibu na Oktoba, wakati mvua za vuli zinapokaribia. Kwa hivyo ukarabati mwingi huanza mchanga ukiwa umelowa na mitaro ikijaa maji. Hali hiyo haizuii kazi, mradi maji ya kuchanganyia yapunguzwe kulingana na unyevu wa mchanga, turubai liwe tayari, na zege lisimwagwe juu ya tope.

6.0 Ufa na Msingi

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba kongwe methali hiyo inahitaji tafsiri pana. Kuziba ufa kwa lipu kabla ya kujua ulikotoka ni kuuficha tu. Udongo mwekundu wa ukanda wa kahawa kwa kawaida hauvimbi sana, lakini msingi uliochimbwa na maji ya paa huzama upande mmoja. Huko tambarare, kama vile Mwea, udongo mweusi hujaa maji na kuvimba, kisha husinyaa wakati wa kiangazi na kuutikisa msingi kila mwaka.

Tiba huanza na maji: mifereji kwenye paa, mtaro, na ukanda wa zege unaoinamia nje. Ikibidi kuutilia msingi nguvu, mwashi huchimba vipande vifupi vya takribani mita moja, visivyofuatana, humwaga zege na kuliacha likomae kabla ya kugusa kipande cha jirani. Anayeamini kwamba zege limekauka siku ya pili atafukua kipande kinachofuata, na ukuta wa mawe utakuwa umening'inia juu ya kazi changa iliyo chini yake. Kosa la namna hiyo linaweza kuua watu.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba kukauka ni urithi wa nyumba ya udongo uliohamishiwa kwenye kitu kisichofuata kanuni za udongo. Mafundi tayari wana kushika na kumwagilia. Kiswahili sanifu kina zege, kalibu na kokoto. Kukomaa kunaeleweka kwa kila mkulima wa kahawa, ambaye hachumi tunda kwa sababu tu limeonekana likubwa. Vyuo vikuu vya Chuka, Meru na Embu vimezungukwa na mijengo, na mwanafunzi wa istilahi hana haja ya kwenda mbali kutafuta data. Ikiwa utafiti wake utamfikia mama yule aliyesimama mlangoni, swali lake kwa fundi litabadilika na kuwa, "Fundi, limekomaa?" Fundi naye, badala ya kutoa kidole, itambidi ahesabu siku.