Utunzaji wa mazingira nyumbani mkoani Dodoma

Utunzaji wa mazingira nyumbani ni hatua ambazo kaya huchukua ili kupunguza matumizi ya kuni, maji na vitu vingine vya asili, pamoja na taka. Katika mkoa wa Dodoma, katikati ya Tanzania, suala hilo linahusu hasa miti na maji. Nchi ni nusu jangwa: mvua ni takriban milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili.

Jikoni

Kaya nyingi bado hupikia kuni au mkaa. Mkaa hula miti kuliko unavyoonekana: katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo 1 ya mkaa hutokana na kilo 5 au zaidi za kuni. Mafiga matatu nayo hupoteza joto jingi pembeni, ambapo jiko banifu hulielekeza kwenye chungu. Hata bila jiko jipya, kuloweka maharagwe usiku kucha, kufunika sufuria na kutumia kuni zilizokauka vizuri hupunguza moto unaohitajika. Wenye gesi ya mitungi mara nyingi hubaki na mkaa kwa ajili ya vyakula vinavyochelewa kuiva kama makande, kwa hiyo ushauri huu unawahusu pia.

Kisiki hai

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyoharibiwa na mmomonyoko. Kisiki hai ni njia nyepesi zaidi, kwani huanzia shambani kwa mtu mwenyewe. Mti uliokatwa lakini mizizi yake ni hai huchipua; mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine na kuyalinda yaliyobaki dhidi ya mbuzi. Matawi yaliyopogolewa huwa kuni. Mbinu hiyo ilienezwa nchini Niger na Mwaustralia Tony Rinaudo kuanzia mwaka 1983. Dodoma imehimizwa tangu 2018 na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit.

Maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hivyo paa la bati la mita 6 kwa 5 hupokea takriban lita 17,000 kwa mwaka. Hata yakipotea asilimia 20, hubaki zaidi ya ndoo 650 za lita 20. Ugumu ni pa kuyaweka, maana tangi la lita 1,000 hujaa kwa mvua ya siku chache. Yanayofurika yanaweza kuelekezwa kwenye shimo karibu na mti. Mvua ya kwanza huachwa ioshe vumbi la paa, na tangi hufunikwa ili mbu wasizaliane. Maji yaliyofuliwa nguo hufaa kumwagilia miti, si mboga za majani.

Nyumba

Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, ina paa bapa la miti lililofunikwa udongo. Haliwezi kuvuna maji safi, lakini ndani hubaki na ubaridi mchana. Bati ni kinyume chake. Dari na mti wa kivuli upande wa magharibi, linakopiga jua la alasiri, hupunguza joto hilo.