Kompyuta ya Shangazi: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?

Baiskeli ikipata pancha hununui baiskeli mpya. Unaziba pancha. Mpini wa jembe ukivunjika hulitupi jembe. Unachonga mpini mwingine. Haya sote tunayajua.

Lakini kompyuta ikianza kwenda polepole, wengi wetu husema, "Hii imezeeka, tununue nyingine." Kwa nini? Kwa sababu baiskeli tunaijua, kompyuta hatuijui. Na kitu usichokijua, ni rahisi mtu kukudanganya juu yake.

Leo tutaitazama kompyuta kwa ndani. Nitaanza na yaliyompata shangazi yangu hapa Rugera.

Kahawa iliyotaka kuuzwa ikiwa maua

Shangazi ana chumba kidogo kando ya barabara. Anachapa barua, anatoa nakala, anachapa mitihani ya shule. Jioni anaandika hesabu za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Nani ameweka hisa ngapi, nani anadaiwa shilingi ngapi, yote yamo ndani ya kompyuta yake. Ni ile ya kukunja, tunayoiita laptopu. Mwanawe alimpa mwaka 2014.

Msimu uliopita mashine ilianza kuchelewa. Shangazi aliiwasha, akaenda kumenya ndizi za mchana, akarudi, bado haijawa tayari. Wateja walichoka kungoja, wakaondoka.

Akapanda bodaboda mpaka mjini kwa fundi mmoja. Fundi hakuifungua hata skrubu moja. Akasema, "Mama, hii imekwisha. Nunua hii yangu."

Shangazi hakuwa na fedha. Basi akaanza kuzungumza na mtu habari za butura. Butura sote hapa Kagera tunaijua. Unauza kahawa ingali maua mtini, unapewa fedha kidogo. Msimu ukifika, mavuno ni ya mwenye fedha. Wewe unabaki kuokota majani.

Nilipopita kumsalimu, alikuwa amebakiza kupokea hela tu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja wakati mzuri, nanunua mashine mpya."

"Shangazi, nipe siku saba. Kahawa usiiguse kwanza."

"Siku saba tu. Wateja wangu wanakimbia."

Kompyuta ina nini ndani?

Ifikirie kompyuta kama ofisi ya karani.

Kwanza, yupo karani mwenyewe. Huyu ndiye anayefanya hesabu. Mafundi humwita prosesa.

Pili, ipo meza ya karani. Kila kazi inayofanyika sasa huwekwa juu ya meza hii. Mafundi huiita rami. Umeme ukizimika, meza hubaki tupu. Ndiyo maana barua ambayo hujaihifadhi hupotea.

Tatu, lipo ghala. Humo hukaa barua, picha na hesabu zote, hata mashine ikizimwa. Ghala hili huitwa diski.

Nne, yupo msimamizi wa ofisi. Huyu si chuma. Ni programu kubwa inayowapanga wengine wote kazi. Katika kompyuta nyingi huitwa Windows.

Sasa tazama. Meza ikiwa ndogo, karani hana nafasi. Kila mara inambidi akimbie ghalani kuweka faili moja na kuchukua jingine. Na kama ghala lenyewe ni la polepole, kazi yote inasimama.

Maghala ya zamani ni ya polepole kweli. Ndani yake mna kisahani kinachozunguka kama santuri. Katika laptopu nyingi za zamani kisahani hiki huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kimkono kidogo hutembea juu yake kikitafuta maneno. Kitu chenye kuzunguka hivyo miaka kumi lazima kichoke. Maghala ya siku hizi hayana kisahani wala kimkono. Hakuna kinachozunguka, kwa hiyo husoma upesi zaidi.

Umeona? Karani anaweza kuwa mzima kabisa, tatizo likawa ni ghala tu.

Hatua ya kwanza: okoa yaliyomo

Nyumba ikishika moto, unatoa watoto kwanza. Vyombo baadaye. Na kompyuta ni hivyo hivyo. Mashine hununuliwa dukani. Hesabu za akina mama haziuzwi duka lolote.

Kabla fundi hajagusa kitu, nakili hesabu na barua zako kwenye flashi mbili. Moja kaa nayo, nyingine mpe mtu unayemwamini akuwekee kwake. Hesabu za fedha zichape pia kwenye karatasi.

Kama ghala linatoa sauti ya kugonga, "tik, tik, tik," usiizime na kuiwasha mara kwa mara. Hiyo ni dalili kwamba linakufa. Liite fundi anayejua kuokoa yaliyomo, na umwambie hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Mimi na shangazi tulinakili jioni nzima. Hapo ndipo aliponiambia kwamba miaka mitatu ya hesabu za kikundi ilikuwa mahali pamoja tu. Kama mashine ingekufa wiki ile, ni nani angejua nani anadai nini?

Hatua ya pili: tafuta ugonjwa

Mganga mzuri hakupi dawa kabla ya kukupima. Zipo sababu nyingi za kompyuta kuchelewa. Anza na zile ambazo dawa yake ni bure.

1. Ghala limejaa. Futa picha na filamu usizozihitaji, au zihamishe.

2. Programu zinazojiwasha zenyewe. Nyingine huwekwa na vijana waliokuja kuazima mashine. Ondoa usizozitumia.

3. Virusi. Hizi ni programu mbaya zinazoingia kwa flashi za wateja na kwa intaneti. Pima kila flashi kabla ya kuifungua.

4. Vumbi. Vumbi jekundu la barabara zetu huziba feni. Mashine ikipata joto, hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Kuisafisha kunahitaji mikono ya fundi na brashi laini, wala si maji.

5. Meza ndogo, yaani rami haitoshi. Katika mashine nyingi fundi anaweza kuongeza. Katika nyingine imegandishwa, haiongezeki. Uliza kwanza.

6. Ghala limechoka. Hili hubadilishwa.

Onyo moja. Betri ikivimba, acha kuitumia mara moja. Usiitoboe, usiikandamize. Inaweza kushika moto. Mpelekee fundi aitoe.

Utajuaje ni ipi kati ya hizi? Kwenye kompyuta ya Windows bonyeza kwa pamoja vitufe vitatu: Ctrl, Shift na Esc. Utaona jedwali linaloonyesha nani anaelemewa: karani, meza au ghala. Kwa shangazi, karani alikuwa anapumzika. Ghala lilikuwa linaonyesha 100 kwa 100 wakati wote, hata shangazi alipokuwa hafanyi chochote. Ugonjwa tukaujua. Mashine haikuwa imekufa. Ghala lake ndilo lilikuwa taabani.

Hatua ya tatu: pima gharama

Sasa kaa chini na mwenye mashine. Usimwamulie. Mashine ni yake, na kazi anaijua yeye. Mwulize maswali manne.

Kazi yako ni ipi? Mtu anayechapa barua na hesabu hahitaji mashine ya mtu anayetengeneza filamu.

Matengenezo ni shilingi ngapi, na mashine nyingine ni shilingi ngapi? Tuchukue mfano. Tuseme ghala jipya na ufundi ni shilingi 120,000. Tuseme laptopu nyingine nzuri iliyokwisha kutumika ni shilingi 450,000. Hapo matengenezo ni kama robo tu. Tengeneza. Lakini kama fundi anataka shilingi 300,000, fikiri mara mbili. Gharama ikivuka nusu ya bei ya mashine nyingine, mara nyingi ni afadhali kubadilisha.

Baada ya hapo itadumu? Ghala na rami vinaweza kuhamishiwa mashine nyingine inayovikubali. Lakini bodi kuu ikiungua, au kioo, betri na ghala vikaharibika kwa pamoja, usiendelee kumimina fedha. Hilo ni gunia lenye tundu.

Msimamizi wake bado analindwa? Hili wengi hawalijui. Kampuni ya Microsoft, inayotengeneza Windows, iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo. Lakini kwa kawaida matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi tena bure, na wezi wa mtandaoni hupitia matundu hayo. Windows 11 iliyofuata huzikataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Njia nyingine ni msimamizi wa bure aitwaye Linux. Huyu hukubali hata mashine nyingi za zamani, ila inabidi kujifunza upya mambo machache.

Mashine si kazi

Nchi yetu nayo iliwahi kusumbuka na jambo hili. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta yake ya kwanza. Baadaye kazi ya kuweka hesabu za serikali kwenye mashine haikwenda vizuri. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka ikapita kabla ya mlango kufunguliwa tena.

Sisi tunajifunza nini? Mashine peke yake haifanyi kazi. Mtu akinunua mashine bila kujua kazi yake na ugonjwa wake, atailaumu mashine. Kumbe kosa lilikuwa kwingine.

Shangazi aliamua nini?

Siku ya sita tulikwenda kwa fundi mwingine. Huyu aliifungua mashine mbele yetu. Tulitoa vumbi la kujaza kiganja. Akaweka ghala jipya lisilozunguka, akaongeza rami kutoka gigabaiti 4 hadi 8. Spea za zamani tulirudishiwa. Nawe zidai siku zote, ujue kweli zimebadilishwa.

Sasa shangazi akiiwasha mashine, inakuwa tayari kabla hajamaliza kumenya ndizi moja. Wateja wamerudi. Kahawa haikwenda butura. Iliivia mtini, akaiuza kwa chama cha msingi kama jirani zake.

Lakini tusidanganyane. Mashine ile ni mzee aliyepata miwani. Hajawa kijana. Bado inatumia Windows 10. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba mambo ya fedha na namba za siri hayafanyiki humo. Na kila Jumamosi shangazi anaweka akiba kidogo kwa ajili ya mashine nyingine. Siku ya kuinunua ataichagua kwa utulivu, hatasukumwa na shida. Ataiwasha papo hapo dukani, atabonyeza kila kitufe, atauliza umri wake na kama inakubali Windows 11, na atadai risiti.

Na ile ya zamani ikifa kabisa? Asiichome moto, wala asiizike kwenye migomba. Ndani yake mna madini yenye sumu. Ampe fundi atoe spea.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha nao unakaguliwa kwanza, kama bado unakalika.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini shangazi alitaka kuuza kahawa yake kwa butura? Angepata hasara gani?

2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya meza na ghala ndani ya kompyuta.

3. Kumbukumbu za kikundi chenu zimewekwa mahali pangapi? Zikiharibika leo, mtafanya nini?

4. Fundi anakwambia, "Hii imekwisha," bila kuifungua. Utamwuliza nini?